Changa Kabla ya Kilio

Kolwezi tunajua kuchanga. Mtu akifa Kasulo asubuhi, ikifika jioni turubai imefungwa, viti vimekodiwa, na kaye ya michango iko mezani mbele ya kijana mwenye mwandiko mzuri. Hakuna anayepita bila jina lake kuandikwa. Wamama wanasonga bukari ya watu mia bila kuamrishwa na mtu. Lakini mtoto wa jirani akikutwa na kansa, ugonjwa unaodai miezi sita, minane, pengine miaka miwili na zaidi, tunaingia mara moja kusema pole, tunaacha faranga mkononi mwa mama yake, halafu tunabaki kusikiliza habari kwa mbali. Ninachokuomba hapa ni kidogo: ile kaye ifunguliwe mtoto akiwa hai.

Kansa ya mtoto inatibika kuliko watu wengi wa hapa wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hivi hupata kansa kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 katika kila 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Ugonjwa ni uleule. Huku kwetu mtoto anachelewa kufika, au anatibiwa malaria na minyoo kwa miezi, au dawa zinakosekana, au familia inaanza matibabu na kuyaacha njiani. Mwaka 2018 shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Dawa na mashine ni kazi ya serikali na madaktari. Ila lile la mwisho, la kuachia njiani, liko ndani ya uwezo wa lupango lako, yaani majirani wa uwanja mmoja.

Nilijifunza jinsi watu wanavyoachia njiani kwa kumwangalia mama mmoja wa lupango letu. Mtoto wake alikuwa na miaka sita. Siku moja akimwogesha aliona tumbo limejaa upande mmoja, gumu kama jiwe, na mtoto halii akiguswa. Mwishowe waliambiwa Lubumbashi kwamba ni uvimbe wa figo, nefroblastoma, moja ya kansa za watoto zinazotibika vizuri zikishikwa mapema. Safari ya kwanza lupango lote lilichanga. Ya tatu tulichanga watu wanane. Asubuhi ya safari ya tano nilitoka kuteka maji, nikamkuta ameketi mlangoni, amevaa kikwembe cha safari, mfuko umefungwa, termosi ya uji kando yake, na basi lilikuwa limeshaondoka. Nikamuuliza kulikoni. Akanionyesha mtoto aliyekuwa akisukuma gari la waya uani. “Yaya, si unaona anacheza? Tumbo limelainika. Pengine imetosha.”

Hakuwa mjinga, wala hakukosa imani na madaktari. Alikosa nauli, na alikuwa ameona haya kugonga milango ileile mara ya tano. Kuachia njiani kunafanana hivyo: mtoto anaonekana amepona, mama anaona haya, na hakuna aliyemwuliza tarehe ya safari. Kansa iliyopigwa nusu hurudi, na ikirudi mara nyingi dawa za mwanzo haziiwezi tena. Kwa hiyo swali la kumwuliza mama sio “mtoto anaendeleaje?” Muulize: “Safari inayofuata ni tarehe ngapi?”

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kaye ya safari

Mtoto wa Kolwezi huanza hospitali ya Mwangeji au kituo kingine cha hapa, kisha anatumwa Lubumbashi, kwenye hospitali kubwa kama Jason Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Ni karibu kilomita 300 kupitia Likasi, pamoja na peaji na foleni za malori ya shaba na kobalti yanayoelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kimio, yaani dawa za kuua kansa, hutolewa kwa awamu, kila wiki au kila wiki tatu kufuatana na ugonjwa. Piga hesabu ya barabara hiyo, mtoto anayetapika mapajani, mara kumi na tano.

Nunua kaye. Muulize mama, au daktari kupitia mama, idadi ya safari zilizopangwa na tarehe zake. Kila ukurasa upewe safari moja, na kila safari ipate mwenyewe: familia moja, au likelemba ya wamama wa soko, au kwaya, au vijana wa timu ya mpira. Mwenye safari anajua kwamba tarehe fulani ni yake. Baada ya hapo amepumzika, hakuna atakayemrudia kila Jumamosi. Nimeona watu wakichoka kuchanga kwa sababu hawaoni mwisho. Mtu akiona ukurasa mmoja wenye jina lake, anaubeba.

Mweka hazina asiwe mama wa mtoto. Fedha ikikaa kwake, shemeji mwenye shida ataijua, na mwenye nyumba ataijua pia. Wachague watu wawili, mmoja ashike fedha na mwingine ashike kaye, na nauli itumwe kwa M-Pesa au Airtel Money siku moja kabla ya safari. Andika kila faranga, hata ile ya pikipiki kutoka paking hadi hospitali. Watu wetu wametoa fedha nyingi kwa mambo yaliyopotea hewani, na mchango mmoja unaonuka wizi unaua mingine kumi.

Usisahau chakula cha Lubumbashi. Hospitali nyingi hazimlishi mgonjwa, na mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita gadimalade, anajipikia au anashinda njaa. Ukisafirisha gunia dogo la unga, fretini zilizokaushwa na mafuta pamoja na mama, umemsaidia kuliko kumpa fedha ileile. Mwezi wa sita ongeza blanketi. Baridi ya Juni ya huko, usiku kwenye korido, haina mzaha.

Halafu kuna jambo la kulala. Karibu kila familia ya hapa ina ndugu Lubumbashi, na karibu kila ndugu huyo anamkaribisha mgonjwa kwa moyo mweupe wiki ya kwanza. Wiki ya tatu sura zinabadilika, na mama anaanza kuamka saa kumi usiku kufagia uwanja wa watu ili aonekane si mzigo. Yule mwenyeji naye aingizwe kwenye kaye. Mtumie unga, mpigie simu kumshukuru, muulize kama watoto wake wamepata pa kulala. Waliofanya kazi hii kwa miaka mingi wamegundua hilohilo. Muhimbili, Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linashughulikia matibabu ya watoto pamoja na malazi ya familia zinazotoka mikoani. Kampala, Bless a Child Foundation inawapa vitanda watoto wanaotibiwa kwenye taasisi ya kansa ya Uganda, iliyoanzishwa 1967. Kitanda karibu na hospitali ni sehemu ya dawa.

Wachache watatumwa mbali zaidi. Kinshasa hakuendeki bila ndege. Wengine huvuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, kwenye hospitali ya magonjwa ya kansa yenye mashine za mionzi. Huko pasipoti na karatasi za mpakani ndizo zinazochelewesha, basi anza kuzishughulikia siku ileile neno “mionzi” linapotajwa, usingoje barua ya mwisho.

Karatasi, na haki ambayo wengi hawaidai

Nunua farde ngumu yenye kifungo. Humo iingie kila kitu: matokeo ya biopsi, picha za ekografi, ordonansi, risiti, karatasi ya kutumwa. Kisha piga picha kila ukurasa kwa simu, na nakala zikae kwenye simu mbili tofauti. Karatasi ya biopsi ikipotea kwenye basi, mtoto anaweza kuanzishwa upya kuanzia sindano ya kwanza.

Kama baba, au mama mwenyewe, ameajiriwa kwa mkataba, iwe ni mgodini au kwa kampuni ndogo inayofanyia mgodi kazi, fungua macho. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi na familia yake, pamoja na hospitali na dawa. Nimekutana na baba aliyeuza mashine yake ya kushonea kulipia kimio wakati jina lake liko kwenye orodha ya mishahara. Mtoto hakuwa ameandikishwa kazini kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa ni jambo jepesi. Baada ya hapo ni lazima kupitia mahakamani, na hiyo nayo ni safari ya mtu mwenye muda. Wewe mwenye muda, ichukue. Baba kreizeri, anayechimba kwa mikono, hana wa kumdai. Kwake kaye ndiyo kampuni.

Siku ya kuonana na daktari, mtu mmoja anayeelewa Kifaransa amfuate mama. Madaktari wetu wanaanza kwa Kiswahili, lakini wakifika kwenye majina ya dawa wanahamia Kifaransa, na mama anaitikia kwa kichwa. Andika maswali kabla: Kansa hii inaitwaje? Lengo ni kuponya au kupunguza maumivu? Awamu zimebaki ngapi? Dawa gani tununue, wapi, na ihifadhiwe vipi? Swali hili la mwisho usiliruke. Vinkristini, kwa mfano, inahitaji friji. Iliyokaa kutwa kwenye mkoba juani haifai. Na dawa za kansa hazinunuliwi kwa bei nafuu kwa mtu aliyesimama kando ya geti.

Homa

Sehemu hii isome mara mbili, kisha msomee mama.

Kimio inaua kansa na pia inashusha askari wa mwili. Siku saba hadi kumi na nne baada ya dawa, mtoto anaweza kukosa kabisa kinga. Homa ya wakati huo inaweza kumwua ndani ya saa chache. Lupango liwe na kipima joto, hata kimoja cha kuazimana. Kikionyesha 38, ni hospitali mara moja, usiku huohuo, kwa pikipiki ya yeyote aliye karibu. Usimpe dawa ya kushusha homa ukangoja kuche.

Taabu ya Kolwezi ni kwamba kila homa inaitwa malaria. Daktari wa zamu atampima malaria, ataikuta au hataikuta, atampa dawa yake na kumrudisha nyumbani. Malaria itibiwe, ndiyo, lakini mtoto wa kimio anahitaji pia antibiotiki za mshipani bila kusubiri. Kwa hiyo mwombe daktari wa Lubumbashi aandike barua fupi, yenye mhuri na namba yake ya simu, ikieleza kwamba mtoto yuko kwenye kimio, anapata dawa gani, na akipata homa apewe nini. Barua hiyo ikae mbele kabisa ya farde. Usiku ule ilipohitajika kwetu, muuguzi aliisoma akiwa amesimama, akaweka serumu kabla hajauliza habari ya malipo.

Mengine ni ya kila siku. Maji ya kunywa yachemshwe. Chakula kiliwe kingali cha moto: bukari, sombe iliyoiva vizuri, yai lililochemshwa hadi likauke, uji wa mahindi na soya. Matunda yenye ganda la kumenya kama ndizi ni salama kuliko saladi. Munkoyo wa nyumbani uache kwanza. Kinywa kikitoka vidonda, asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Chandarua kila usiku. Nywele zitakatika na zitaota tena. Dawa moja hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja, nyingine huleta damu ya kweli kwenye mkojo, basi kila wekundu daktari aambiwe. Anayesafisha matapishi na mkojo siku mbili za kwanza baada ya dawa avae glavu, hasa kama ni mjamzito.

Tumbo lenye uvimbe lisikandwe. Nasema hivi kwa sababu bibi zetu wana mikono mizuri na wanapenda kuisaidia. Uvimbe wa figo ukibonyezwa unaweza kupasuka ndani na kusambaa. Chale za wembe zisichanjwe pia, wala sindano ya makalio kwa mtu wa mtaani. Damu ya mtoto huyu haigandi kama ya wenzake.

Kuna msaada mmoja ambao hauna gharama kabisa, na sijaona mtu akiutaja: mpeleke mtoto wako mwenyewe akachanjwe surua. Anayetibiwa kansa kwa kawaida hawezi kupewa chanjo hiyo, na surua ikimpata ni hatari kubwa. Mlipuko ulioanza 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini mwetu, wengi wao watoto. Ukiwakinga watoto wa lupango, umemzungushia mgonjwa ukuta.

Na damu. Atahitaji kuongezewa, tena zaidi ya mara moja. Ukurasa mmoja wa kaye uwe wa vijana wenye afya walio tayari kutoa, na kundi la damu la kila mmoja kama analijua. Wengine wawe wa Lubumbashi, kwa sababu damu haisafiri kwa basi.

Maneno

Kansa haiambukizi. Kikombe chake kinywewe, nguo zake zifuliwe na za wengine, watoto wacheze naye akiwa na nguvu. Ukimkataza mwanao kumkaribia, mkatazie kwa sababu mwanao ana mafua, na useme hivyo kwa sauti mama asikie.

Baba anayetoka mgodini atalaumiwa. Watasema ameleta sumu kwenye nguo zake, au ametoa mtoto ili apate mshipa wa kobalti. Vumbi la madini lina madhara yake, na watafiti wamekuta metali nyingi kwenye mikojo ya watu wa Katanga. Lakini kansa nyingi za watoto hazina chanzo kinachojulikana, na hakuna daktari atakayekuonyesha kwamba ya mtoto huyu imetoka kwenye viatu vya baba yake. Mtu aliyelaumiwa hivyo huanza kulala mgodini, na nyumba inakosa mikono miwili.

Lawama nyingine ni ya ulozi. Inaanguka juu ya bibi, au juu ya ndugu wa mtoto, hasa yule mkaidi au yule wa kambo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, ibara ya 160, inamfunga mwaka mmoja hadi mitatu anayemsingizia mtoto ulozi. Pasta akianza wimbo huo, mwambie kifungo hicho kwa heshima. Kuomba waombe, mimi mwenyewe ninaomba; ila maombi ya siku saba yasiangukie tarehe ya kimio. Mchungaji mwenye busara atakubali kusogeza, na hata kuchukua ukurasa kwenye kaye.

Usiseme “Mungu anajua kwa nini” kwa mama ambaye hajalala. Usimwambie habari za mtoto wa binamu yako aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Ukikosa la kusema, chukua ndoo zake ukachote maji. Na picha ya mtoto, uvimbe ukionekana, isirushwe wasapu kutafuta wafadhili bila ruhusa ya wazazi. Atakua, na picha itakuwa bado inazunguka Lualaba.

Ndugu zake waliobaki nyumbani wanasahaulika. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini kaptura na kalamu si bure, na mtoto wa miaka minane aliyemwambia mdogo wake “ufe tu” kwenye ugomvi anaweza kuamini kwamba ni yeye aliyemletea ugonjwa. Mwambie wazi kwamba sivyo.

Ikishindikana

Wapo wasiopona. Daktari akisema sasa ni kupunguza maumivu, kaye isifungwe. Mtoto bado ana haki ya dawa za maumivu, na morifini ya kunywa ikitolewa na daktari haimwui wala haimfanyi mlevi. Muulize mama anataka mtoto awe wapi, hospitali au nyumbani, na umsaidie kufika huko wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti cha basi. Kumrudisha akiwa hai kunagharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kurudisha maiti. Baada ya kilio, turubai ikishafunguliwa na viti kurudishwa, nenda wiki ya tatu. Ndiyo wiki ambayo hakuna mtu.

Akimaliza

Na wapo wanaomaliza. Kijana wetu wa tumbo gumu alifika Lubumbashi akiwa amechelewa siku tisa, daktari akanung'unika, akaendelea naye. Alimaliza awamu zote. Sasa yuko darasa la tatu, ana kovu refu kama zipu analowaonyesha wenzake kwa malipo ya pipi. Bado anahitaji kwenda kuangaliwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo lupango lilitaka kufunga kaye, kwa sababu mtoto mzima anaruka kamba. Tulikumbushana ile asubuhi ya mfuko mlangoni. Safari ya Septemba ilichukuliwa na kijana anayeuza uniti kwenye kona. Ya Desemba ilikaa wazi wiki mbili, mpaka mume wangu akachukua kalamu na kuandika jina letu.